easyJet na Heathrow: kwa nini njia ya tatu ya kurukia haitoshi

Ukitazama safari za easyJet, shirika la ndege la bei nafuu la Uingereza, kutoka London utakuta pengo moja kubwa. Shirika hili lipo Gatwick, ambako ndilo kubwa kuliko mashirika yote. Lipo pia Luton, ambako mwanzilishi wake, Stelios Haji-Ioannou, alirusha ndege yake ya kwanza kwenda Glasgow mnamo Novemba 1995. Lakini Heathrow, uwanja wenye shughuli nyingi kuliko wowote nchini Uingereza, easyJet haijawahi kuwa na kituo, na hilo si kwa sababu haijui soko lile lina thamani gani.

Januari 2025, Waziri wa Fedha wa Uingereza Rachel Reeves alitangaza kwamba serikali inaunga mkono ujenzi wa njia ya tatu ya kurukia ndege Heathrow. Uongozi wa easyJet ulisema hadharani mwaka huohuo kwamba uwanja ukipanuliwa, nao ungependa kuingia. Magazeti yakaandika kana kwamba kilichobaki ni kumwaga zege na kukata utepe. Abiria wa bei nafuu wangepanda ndege kwenye uwanja ambao British Airways imeutawala kwa miongo mingi, na nauli zingeshuka.

Mimi naona zege ni sehemu ndogo ya habari yenyewe. Shirika la bei nafuu linaweza kufunguliwa mlango wa uwanja uliojaa na bado likakataa kuingia, au likaingia kisha likatoka kimyakimya baada ya misimu michache. Ili kuelewa ni kwa nini, lazima tuangalie mambo mawili ambayo kwa kawaida huzungumzwa mbalimbali: jinsi nafasi za kuruka na kutua zinavyogawanywa, na jinsi ndege ya bei nafuu inavyopata faida yake.

Mali isiyo na hati

Heathrow ina njia mbili za kurukia. Serikali ilipoidhinisha jengo la tano la abiria mwaka 2001, iliweka sharti kwamba ndege zinazoruka na kutua zisizidi 480,000 kwa mwaka. Uwanja umekuwa ukigusa ukomo huo mwaka baada ya mwaka, ukiacha kipindi cha janga la korona. Mwaka 2024 ulihudumia abiria milioni 83.9, idadi ambayo viwanja vingi vya ukubwa huo duniani huihudumia kwa njia nne au zaidi za kurukia.

Palipo na uhaba kama huo, shirika haliwezi kuamka asubuhi likatangaza safari mpya. Linahitaji kwanza nafasi: ruhusa ya kutumia njia ya kurukia, jengo la abiria na vifaa vyote vya uwanja kwa saa maalumu ya siku maalumu. Nafasi hutumika kwa jozi, kwa sababu ndege iliyotua lazima iruke tena. Anayezigawa si uwanja wenyewe wala serikali, bali mratibu huru aitwaye Airport Coordination Limited, na hufanya hivyo mara mbili kwa mwaka, kwa msimu wa kiangazi unaoanza mwishoni mwa Machi na wa baridi unaoanza mwishoni mwa Oktoba.

Kanuni iliyo moyoni mwa mfumo huu ni ya ukongwe. Shirika lililotumia nafasi yake kwa angalau asilimia 80 ya msimu hurudishiwa nafasi ileile msimu kama huo mwakani, na mwaka unaofuata, na kuendelea bila kikomo. Halilipi chochote kwa haki hiyo zaidi ya tozo za kawaida za uwanja. Ndiyo maana British Airways na ndugu zake wa kundi la IAG wanashikilia zaidi kidogo ya nusu ya nafasi zote za Heathrow, na hakuna anayeweza kuwanyang'anya maadamu wanazitumia.

Na watu hujitahidi kweli kuzitumia. Mwaka 2007 iligundulika kwamba shirika la British Mediterranean lilikuwa likirusha ndege tupu, bila abiria hata mmoja, kutoka Heathrow hadi Cardiff na kurudi, mara sita kwa wiki. Lilikuwa limesitisha safari yake ya Tashkent na halikutaka nafasi ile ipotee. Kichekesho, lakini kihesabu walikuwa sahihi.

Walikuwa sahihi kwa sababu nafasi za Heathrow zina bei. Mwaka 1999 Mahakama Kuu ya Uingereza, katika kesi iliyohusu nafasi za safari za Guernsey, ilikubali kwamba mashirika yanaweza kubadilishana nafasi huku fedha zikipita upande mmoja. Tangu hapo limekua soko lisilofanana na soko jingine. Mwaka 2008 Continental ya Marekani ililipa dola milioni 209 kwa jozi nne. Mwaka 2016 iliripotiwa kwamba Oman Air ililipa dola milioni 75 kwa jozi moja ya asubuhi. Mwaka 2017 SAS iliuza jozi mbili kwa jumla ya dola milioni 75. Virgin Atlantic ilifika mbali zaidi: Desemba 2015 ilikopa pauni milioni 220 kwa kuweka nafasi zake za Heathrow rehani. Kitu kisicho na hati ya umiliki, kilichopatikana bure, kikawa dhamana ya mkopo.

Sasa linganisha na bei ambazo easyJet imezoea. Mwaka 2013 ilikubaliana na Flybe kununua jozi 25 za Gatwick kwa pauni milioni 20, yaani chini ya pauni milioni moja kwa jozi. Mwaka 2019, Thomas Cook ilipofilisika, easyJet ilinunua nafasi zake za Gatwick na Bristol kwa pauni milioni 36. Kabla ya hapo, mwaka 2008, ilikuwa imelinunua shirika zima la GB Airways, na sababu kubwa ilikuwa nafasi zake za Gatwick. Hivi ndivyo shirika la bei nafuu hukua kwenye uwanja uliobanana: hungoja mwenzake aanguke au achoke, kisha hununua kilichobaki kwa bei ya kuridhisha. Heathrow nako mashirika huanguka na huchoka, ila wanunuzi waliopanga foleni ni wenye safari ndefu, na mifuko yao ni mirefu zaidi.

Kwa nini mifuko yao ni mirefu? Kwa sababu nafasi haipimi ukubwa wa ndege. Jozi iliyobeba ndege ya watu 180 kwenda Geneva ni ileile ambayo ingebeba ndege ya watu 400 kwenda Singapore, ikiwa na daraja la biashara lililojaa. Anayeweza kuvuna zaidi kwa kila jozi ndiye anayeweza kuilipia zaidi. Mwenye kisu kikali ndiye alaye nyama, na kwenye soko la Heathrow kisu cha shirika la safari fupi ni butu.

Mgeni anayeruhusiwa kusimama kizingitini

Mfumo unadai kwamba unawajali wageni. Nafasi zinazorudi kwenye kapu la mratibu hugawanywa, na nusu yake hutolewa kwanza kwa mashirika mageni kwenye uwanja huo. Kwa kanuni ambayo Uingereza iliirithi kutoka Umoja wa Ulaya, mgeni ni shirika ambalo, hata likipewa linachoomba, litakuwa na nafasi chini ya tano kwa siku.

Hebu fikiria maana yake kwa easyJet. Nafasi nne ni jozi mbili. Ndege moja ya safari fupi iliyopangwa vizuri huenda na kurudi mara tatu hadi nne kwa siku, kwa hiyo inahitaji jozi tatu au nne peke yake. Kanuni inayosemwa kwamba inamkaribisha mgeni haimpi hata kazi ya ndege moja kwa siku nzima. Akivuka idadi hiyo, ugeni umekwisha. Anarudi kwenye kapu la jumla kushindana na British Airways, ambayo ina maombi yake na historia yake.

Kwa shirika la Asia au Afrika linalotaka safari moja kwa siku kwenda London, jozi mbili zinatosha kabisa. Kwa shirika la bei nafuu ni karibu na bure. Biashara yake inategemea wingi: marubani na wahudumu wanaolala nyumbani, fundi mwenye ndege za kutosha kumshughulisha, ndege ya akiba pale nyingine inapoharibika, na jina linaloonekana mara nyingi kwenye ubao wa safari hadi abiria alizoee. Vitu hivi huanza kulipa zikiwapo ndege kumi au zaidi. Ndege kumi zinahitaji jozi 30 hadi 40. Zidisha kwa bei ya SAS ya mwaka 2017 utapita dola bilioni moja kabla hujamuuzia abiria sandwichi ya kwanza.

Kwa hiyo, katika Heathrow ya leo yenye njia mbili, easyJet haiingii kwa kununua wala kwa kanuni ya mgeni. Linabaki tundu moja, nalo ni masharti ya ushindani. Mashirika makubwa yanapoungana au kupokea msaada wa serikali, wasimamizi wa ushindani huyalazimisha kuachia nafasi kwa mpinzani. easyJet imelitumia tundu hili vizuri kwingineko. Mwaka 2022 ilipata nafasi 18 kwa siku Lisbon, zilizotolewa na TAP kama sharti la msaada wa serikali ya Ureno. Lufthansa iliponunua hisa za ITA ya Italia, easyJet ilichaguliwa kuwa mpinzani wa safari fupi, na Machi 2025 ikaanzisha shughuli kubwa Milano Linate, uwanja mdogo ulio karibu na mji ambao kwa miaka mingi ulikuwa mgumu kuingia kwa asiye mwenyeji.

Heathrow nayo imewahi kuona zawadi za namna hii, na matokeo yake ni somo.

Walioingia wakatoka

IAG ilipolinunua shirika la bmi mwaka 2012, Tume ya Ulaya iliilazimisha kuachia jozi 14 za Heathrow. Virgin Atlantic ilipata 12 kati yake na mwaka 2013 ikaanzisha Little Red, iliyoruka kwenda Manchester, Edinburgh na Aberdeen. Haikuwa bei nafuu hasa, lakini lengo lilikuwa lilelile la kuivunjia British Airways ukiritimba wa safari za ndani. Ndege ziliruka zikiwa na viti vingi vitupu, na kufikia Septemba 2015 biashara ilikuwa imefungwa.

Mwaka 2017 Flybe ilichukua Edinburgh na Aberdeen kwa kutumia baadhi ya nafasi hizohizo. Machi 2020 Flybe ilianguka. Ilifufuliwa mwaka 2022, tena ikiwa na nafasi za Heathrow, na Januari 2023 ikaanguka mara ya pili.

Flybe ilikuwa na matatizo yake mengine mengi na si haki kuilaumu Heathrow kwa yote. Lakini muundo unajirudia. Nafasi za masharti huja zimefungwa kwa njia fulani: utaruka Edinburgh, si popote upendapo. Na kwenye njia hizo unapambana na mpinzani ambaye hategemei nauli ya Edinburgh. Abiria wengi wa British Airways wanaotoka Edinburgh hawaendi London. Wanaenda New York au Hong Kong, na faida yao iko kwenye kiti cha safari ndefu. Shirika hilo linaweza kuuza kipande kifupi kwa bei inayomuumiza mpinzani bila lenyewe kuumia. Shirika lisilouza safari za kuunganisha, kama easyJet kwa sehemu kubwa ya historia yake, lina wateja wa aina moja tu: wanaotaka kufika London na kushuka hapo.

Kuna mfano wa tatu, nje ya Uingereza, ambao napenda kuukumbuka kila ninaposoma kwamba shirika fulani la bei nafuu limeuvamia uwanja mkuu. Mwaka 2017 Ryanair iliingia Frankfurt, ngome ya Lufthansa, ikiwa imevutiwa na punguzo la tozo. Lufthansa ililalamika vikali. Miaka mitano baadaye, Machi 2022, Ryanair ilifunga kituo chake cha Frankfurt ikilaumu kupanda kwa gharama na kuzipeleka ndege zake kwingine. Frankfurt haikuwa na uhaba wa nafasi kama wa Heathrow; ina njia nne za kurukia. Kilichoiondoa Ryanair ni hesabu ya kila kiti.

Pauni sita kwa kiti

Hapa ndipo penye uzito wa jambo lote, na ndipo mijadala mingi inapopapita.

Katika mwaka wa fedha ulioishia Septemba 2024, easyJet ilipata faida ya pauni milioni 610 kabla ya kodi. Ilirusha viti takriban milioni 100, vilivyojaa na vitupu. Kwa hiyo kila kiti kilileta pauni sita hivi za faida. Ukiondoa pauni milioni 190 zilizotoka kwenye kitengo chake cha likizo, kinachouza hoteli na ndege kwa pamoja, biashara ya kuruka peke yake ililetea kampuni karibu pauni nne kwa kiti. Nayo ni moja ya kampuni zenye afya katika sekta yake.

Heathrow ni kati ya viwanja vya gharama kubwa zaidi duniani. Tozo zake hazipangwi na soko bali na Mamlaka ya Usafiri wa Anga ya Uingereza, CAA, inayoweka ukomo wa wastani kwa kila abiria. Kwa mwaka 2024 ukomo huo ulikuwa takriban pauni 25. Abiria wa safari fupi hutozwa chini ya yule wa safari ndefu, na kuna punguzo kwa safari za ndani, kwa hiyo tusiichukue pauni 25 kama ilivyo na kuibandika kwenye tiketi ya Glasgow. Hata hivyo umbali kati ya Heathrow na Gatwick au Luton unahesabika kwa pauni, si kwa senti. Faida ikiwa pauni nne, tofauti ya pauni tano ni hasara.

Jibu la easyJet, na ni jibu zuri, ni kwamba Heathrow abiria hulipa zaidi. Magharibi ya London na miji ya bonde la Thames imejaa kampuni, watu wenye kipato na wasafiri wa kikazi ambao hawataki kuvuka jiji zima kwenda Gatwick. Kama nauli ya wastani inaweza kupanda kwa pauni 15, tozo za pauni tano au kumi zaidi si tatizo. Linate na Orly ya Paris zimeonyesha kwamba easyJet inaweza kufanya kazi kwenye viwanja vya gharama. Siyo Ryanair; tangu mwanzo ilipenda viwanja vikuu kuliko vya pembeni, na uzoefu huo ni faida yake.

Lakini tozo si gharama pekee. Ndege ya bei nafuu huingiza fedha ikiwa angani. Inatua, abiria wanashuka, wengine wanapanda, na katika dakika 25 au 30 imeondoka. Heathrow, uwanja unaotumika karibu hadi ukomo wake, kuchelewa kidogo huzaa kuchelewa kukubwa. Ndege zinazowasili huzungushwa angani katika maeneo manne ya kusubiri, Bovingdon, Lambourne, Biggin na Ockham, si kwa sababu kuna hitilafu bali kwa sababu foleni hiyo ndiyo inayohakikisha njia ya kurukia haikai bure hata dakika moja. Kwa uwanja huo ni ufanisi. Kwa ndege ya easyJet ni mafuta yanayoungua bila safari mpya. Ndege ndogo ikiwa nyuma ya A380, lazima iachiwe umbali mkubwa kwa sababu ya upepo wa mzunguko unaoachwa na mabawa ya dude lile.

Ongeza masharti ya usiku. Kati ya saa 5:30 usiku na saa 12 asubuhi, Heathrow inaruhusiwa kuruka na kutua 5,800 tu kwa mwaka mzima, na sehemu kubwa huchukuliwa na ndege kubwa zinazowasili alfajiri kutoka Asia na Afrika. Shirika la bei nafuu hupenda kuondoka alfajiri na kurudi usiku sana, ili ndege ipate mzunguko mmoja zaidi. Ikichelewa jioni kwenye uwanja wenye masharti makali ya usiku, ndege inaweza kulala kusikotakiwa na ratiba ya kesho ikavurugika. Poteza mzunguko mmoja kati ya minne kwa siku na umepoteza robo ya mapato huku kodi ya ndege na mishahara ikibaki palepale.

Kuna upande mmoja, lakini, ambao easyJet ingeweza kuushangaza uwanja. Gawanya abiria wa Heathrow wa mwaka 2024 kwa idadi ya ndege na unapata wastani wa abiria 175 hivi kwa kila ndege, licha ya majitu yote yanayotua pale. Ndege ya A321neo ya easyJet ina viti 235, na shirika hujaza takriban asilimia 89 ya viti vyake. Hiyo ni zaidi ya abiria 200. Kwa hiyo dai kwamba ndege ya bei nafuu hupoteza nafasi adimu si la kweli kirahisi hivyo. Kinachopoteza nafasi ni ndege ndogo ya safari fupi yenye viti vichache na viti vya katikati vinavyoachwa vitupu, na hizo Heathrow inazo tele.

Njia ya tatu inabadilisha nini

Historia ya njia hii ni ndefu kuliko subira ya watu wengi. Tume ya viwanja vya ndege iliyoongozwa na Howard Davies iliipendekeza mwaka 2015. Bunge liliidhinisha sera yake Juni 2018 kwa kura 415 dhidi ya 119. Mahakama ya Rufani iliitupa Februari 2020, Mahakama ya Juu ikairudisha Desemba mwaka huohuo, wakati huo korona ikiwa imeshawatuliza wote. Mpango ambao Heathrow iliuwasilisha mwaka 2025 unataka njia yenye urefu wa hadi mita 3,500 itakayopita juu ya barabara kuu ya M25, na kuruhusu ndege 756,000 na abiria milioni 150 kwa mwaka. Gharama yake, pamoja na majengo mapya na ukarabati wa ya zamani, inakadiriwa kuwa pauni bilioni 49, kati yake bilioni 21 zikiwa za njia yenyewe na miundombinu yake. Kundi la Arora lilileta mpango mwingine wenye njia fupi na gharama ndogo zaidi; Novemba 2025 serikali ikachagua wa Heathrow kuwa msingi wa kuipitia upya sera. Lengo la serikali ni ndege zianze kuitumia njia hiyo kufikia 2035.

Kwa uhaba wa nafasi, hii ni dawa. Ndege 276,000 za ziada kwa mwaka ni soko jipya kabisa, karibu sawa na Gatwick nzima ya leo. Zisingepatikana siku moja. Zingeachiwa kidogokidogo kadiri majengo na anga vinavyoruhusu. Hata hivyo, kwa mara ya kwanza mtu angeweza kuomba jozi 40 bila kwanza kumzika jirani yake.

Matatizo mawili yanabaki. La kwanza ni bili. Mfumo wa sasa huruhusu Heathrow kurudisha gharama za ujenzi kupitia tozo za abiria, pamoja na faida kwa wawekezaji, kwa kuziongeza kwenye thamani ya mali inayokokotolewa na CAA. British Airways na Virgin wamekuwa wakali kuhusu hili kuliko hata easyJet, wakihofia kwamba abiria wa leo watalipia njia watakayoitumia wengine. CAA inaupitia mfumo huo. Kama tozo zitapanda sana kwa thamani halisi, easyJet itakuwa imefunguliwa mlango wa nyumba isiyoweza kulipia kodi.

La pili ni mgawanyo. Kwa kanuni za sasa nusu ya nafasi mpya ingekwenda kwanza kwa wageni, lakini kwa ufafanuzi uleule wa nafasi chini ya tano. Wageni wa kweli wangekuwa mashirika 30 au 40 ya mbali, kila moja na safari moja au mbili. Nusu nyingine ingeamuliwa kwa vipaumbele ambavyo mwenyeji huvijua kuliko yeyote. Wachumi wengi hupendekeza mnada, nami naona mantiki yake, lakini mnada mtupu unarudisha tatizo la kisu: anayeshinda ni mwenye ndege ya viti 400 vya gharama. Njia pekee inayoipa easyJet kituo halisi ni serikali kuamua kwa makusudi kwamba sehemu ya nafasi mpya itengwe kwa mpinzani mmoja au wawili wa safari fupi, kwa wingi unaotosha kuendesha kituo. Serikali ilifanya mashauriano kuhusu mageuzi ya mfumo wa nafasi mwishoni mwa 2023. Kitakachotoka huko kina uzito kwa easyJet kuliko urefu wa lami.

Mimi ningeweka dau, kama ningelazimishwa, kwamba easyJet itafika Heathrow, ila itakuwa easyJet tofauti kidogo: ndege kubwa za A321neo, njia chache zenye safari nyingi kama Edinburgh, Milano na Geneva, nauli za juu kuliko za Luton, na kituo kisichozidi theluthi ya kile cha Gatwick. Abiria wa Edinburgh atapata nafuu. Anayetarajia tiketi ya pauni 20 kwenda Hispania kutoka Heathrow atangojea sana.

Na easyJet haina haraka. Septemba 2025 serikali iliiruhusu Gatwick kuanza kuitumia mara kwa mara njia yake ya kaskazini, ambayo hadi sasa ni ya akiba, kwa mradi wa pauni bilioni 2.2 unaogharamiwa na uwanja wenyewe. Kazi kubwa ni kusogeza mstari wa katikati mita 12. Shirika lenye nafasi nyingi kuliko wote pale litakua bila kubadili chochote katika mfumo wake. Kwenye vitabu vyake kuna ndege 157 za Airbus ilizoagiza mwaka 2023, zitakazowasili kati ya 2029 na 2034, yaani zote zitakuwa zimeshapangiwa kazi kabla ndege ya kwanza haijaruka kutoka njia mpya ya Heathrow. Zitaenda Gatwick, Milano, Lisbon, popote ambapo pauni nne kwa kiti zinaweza kuwa tano. Kama Heathrow inamtaka mpangaji huyu, CAA italazimika kumtajia bei ya tozo mapema, angalau miaka mitatu au minne kabla ya kufungua, ili aweze kubakiza baadhi ya ndege hizo kwa ajili yake.